PIKIPIKI INAPOZIMIKA MAJINI: SOMO LA INJINI KWA LUGHA YETU

Najua wengi wenu mkilifungua jarida letu kila mwaka hutarajia mashairi, vitendawili na hadithi za sungura na fisi. Hayo yamo, mtayakuta kurasa nyingine. Mimi nimepewa ukurasa wa somo, nami nimeamua tuzungumze juu ya injini. Naam, injini! Wako wenzetu wanaosema ati Kiswahili kinafaa kwa mapenzi na methali tu, lakini ukifika kwenye fizikia ni lazima ubadilishe ulimi. Hao ningewaomba waende gereji yoyote wakati wa likizo, wakae juu ya tairi kuukuu, wasikilize. Watasikia plagi, kabureta, koili, pistoni na konrodi, na kazi inaendelea asubuhi hadi jioni kwa lugha hii hii yetu.

Tatizo tutakalolichambua ni hili: pikipiki inakwenda vizuri barabarani, lakini ikivuka maji inazimika. Kwa nini? Na mtu afanye nini?

Tutazitazama pikipiki za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya magurudumu mawili, bodaboda, ambayo kila mmoja wetu anaijua. Ya pili ni pikipiki ya magurudumu manne, ambayo hapa nitaiita kwadi. Hii hutumiwa kwenye mashamba makubwa, ranchi na mahoteli ya watalii, mahali pasipokuwa na barabara. Chimbuko lake ni Japani na Marekani: mwaka wa 1970 kampuni ya Honda ilianza kuuza Marekani pikipiki ya magurudumu matatu yenye matairi mapana na laini. Miaka ya 1980 za magurudumu manne zikaingia sokoni, na zile za matatu, kwa kuwa zilipinduka sana, watengenezaji wakakubali kuacha kuziuza huko mwaka wa 1988. Kwadi ina nguvu na haitelezi ovyo kwenye matope, na kwa sababu hiyo mwendeshaji hujiona anaweza kupita popote. Hapo ndipo maji humfunza adabu.

KWANZA TUIJUE INJINI YENYEWE

Ukitaka kujua ugonjwa, sharti ujue mwili. Injini ya petroli inahitaji vitu vinne ili iwake: hewa, petroli, cheche ya moto, na mbano. Pistoni ikishuka hunyonya hewa iliyochanganyika na petroli. Ikipanda huubana mchanganyiko huo. Plagi hutoa cheche, mchanganyiko unawaka, pistoni inasukumwa chini kwa nguvu, na ikipanda tena hutoa moshi nje kupitia ekzosi. Ni hivyo tu. Kimoja kati ya vile vinne kikikosekana, injini inanyamaza.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Chukua injini ya sentimita mchemraba 100, inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Injini ya mipigo minne hunyonya mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo inanyonya mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Kila mnyonyo ukijaa ni sentimita mchemraba 100, basi kwa sekunde moja injini hiyo ndogo inaweza kuvuta hewa lita mbili na nusu! Sasa fikiria pua inayovuta hewa kwa nguvu hiyo ikiwa karibu na maji. Hewa ikikosekana, itavuta kilichopo.

MAJI HUINGILIA WAPI?

Njia ni tano. Tuzitazame moja moja.

1. Umeme wa plagi. Umeme unaofika kwenye plagi si kama wa betri. Betri ya pikipiki ni ya volti 12, na umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240. Lakini koili huukuza umeme huo ukapita volti 10,000 ili uweze kuruka pengo dogo kwenye ncha ya plagi. Umeme wa nguvu hiyo hutafuta njia ya mkato. Ikiwa kofia ya plagi imelegea au waya wake umepasuka, maji yakirukia hapo, umeme unapitia kwenye maji na kuishia kwenye bodi, na plagi inabaki bila cheche. Swichi ya kuzimia iliyo kwenye usukani na viungo vya nyaya chini ya kiti navyo vikilowa huleta shida.

2. Pumzi ya kabureta. Hii ndiyo watu wengi hawaijui, nami naomba muisome polepole. Chini ya kabureta kuna kibakuli kinachohifadhi petroli kidogo. Petroli hiyo hainyonywi tu, bali inasukumwa pia. Hewa ya nje huubonyeza uso wa petroli iliyo bakulini. Kwenye koo la kabureta hewa inapita kwa kasi, na kama tulivyofundishwa darasani, kanuni aliyoieleza Daniel Bernoulli mwaka wa 1738 inasema kwamba kasi ikizidi shinikizo hupungua. Basi shinikizo la bakulini linakuwa kubwa kuliko la kooni, na petroli inapanda kupitia tundu dogo na kunyunyizwa.

Ili hewa ifike bakulini, kabureta ina vijipira vyembamba vya kupumulia. Sasa sikiliza: kwenye pikipiki na kwadi nyingi vijipira hivyo huning'inia chini, kando ya injini. Ukiingia kwenye maji yanayozifikia ncha zake, kabureta imezibwa pua. Chukua kopo la maziwa, ulitoboe tundu moja tu, ulipindue. Maziwa yatatoka kidogo kisha yatakwama. Toboa tundu la pili, yanamiminika. Kijipira ndicho tundu la pili. Kikizibwa na maji, petroli haipandi kama kawaida, na wakati mwingine maji yenyewe huvutwa ndani ya bakuli.

3. Sanduku la hewa. Hewa yote ya injini hupitia kwenye sanduku lenye kichungi. Maji yakipanda hadi mdomo wa sanduku hilo, au yakirushwa na gurudumu la mbele kwa sababu umeingia kwa kasi, kichungi kinalowa. Kichungi cha karatasi kikilowa hakipitishi hewa, na injini inakabwa koo. Maji yakizidi, yanaingia kwenye silinda. Huu ndio ugonjwa mbaya kuliko yote, na tutaurudia.

4. Maji ndani ya petroli. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, lakini lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo. Kwa hiyo maji yakiingia tangini au bakulini hayachanganyiki. Huzama na kukaa chini, na petroli huelea juu. Bahati mbaya ni kwamba tundu linalopandisha petroli liko karibu na sakafu ya bakuli, kwa hiyo injini inaletewa maji kwanza. Itakohoa, itashtuka, itazimika.

5. Mkanda wa kwadi. Kwadi nyingi hazina gia za kubadilisha kwa mguu kama bodaboda. Zina mkanda wa mpira unaozungushwa kati ya magurudumu mawili ya chuma ndani ya kasha. Maji yakiingia kwenye kasha, mkanda unateleza. Hapo injini haizimiki, inanguruma kama simba, lakini kwadi haisogei. Nimeitaja kwa sababu watu husema "imezimika" kumbe injini iko hai.

Na ekzosi je? Wengi hudhani maji huingia kwa ekzosi, na huhangaika kuifunga bomba refu la kupanda juu. Injini ikiwa hai, moshi unaotoka huyasukuma maji nje. Ukiliweka bomba majini utasikia likibubujika tu. Hatari iko pale injini inapozimika ikiwa ndani. Moshi umekoma, na maji yana nafasi ya kupanda. Kwa hiyo ekzosi kuingia maji aghalabu ni matokeo ya kuzimika, si chanzo.

ULIZA KWANZA: IMEZIMIKA LINI?

Daktari mzuri hakimbilii sindano. Anakuuliza maswali. Fundi mzuri naye ni vivyo hivyo. Mazungumzo kama haya hayakosekani gerejini msimu wa mvua:

Mwendeshaji: Fundi, hii pikipiki imenisumbua. Ikiingia maji inakufa.
Fundi: Inakufa ikiingia tu, ama ikishakaa ndani?
Mwendeshaji: Inaenda sawa, halafu katikati inaanza kukohoa kama imeishiwa mafuta.
Fundi: Na ukiisukuma nje?
Mwendeshaji: Nangoja kidogo, napiga kiki, inawaka. Ni kama haikuwa na kitu.
Fundi: Umebadilisha nini mpaka sasa?
Mwendeshaji: Plagi mpya. Halafu juzi koili. Pesa zimeisha, fundi.
Fundi: Plagi haikuwa mgonjwa, ndugu yangu. Hebu tutafute pua yake.

Mnaona? Fundi hajashika spana, lakini tayari amejua. Imezimika polepole, kama iliyoishiwa petroli, na ikitolewa inawaka bila matibabu. Hiyo ni dalili ya pumzi ya kabureta. Haikufa papo hapo kwa sababu bakuli lilikuwa bado na petroli kidogo ya kuipeleka. Bwana huyu amekula hasara ya plagi na koili kwa kutibu asichokijua.

Basi ziwekeni akilini dalili hizi:

(a) Inakatika ghafla maji yakirukia injini, nayo inashtukashtuka kabla ya kukatika: shuku umeme wa plagi.

(b) Inafifia polepole ikikaa kwenye maji ya kina, kisha inawaka yenyewe ikitoka: shuku vijipira vya pumzi.

(c) Inakata pumzi ukiongeza moto, nayo inatoa moshi mweusi hata baada ya kutoka: shuku kichungi kilicholowa. Hewa imepungua, petroli imezidi.

(d) Inavuka salama, kisha mbele kidogo inaanza kukohoa na kuzimika kila mara: shuku maji ndani ya petroli.

(e) Inasimama kwa kishindo, na kiki imekuwa ngumu, haiendi chini: injini imemeza maji. Simama hapo! Usiguse kitu mpaka usome sehemu ya mbele.

(f) Injini inanguruma lakini kwadi haiendi: mkanda umelowa.

JINSI YA KUHAKIKISHA

Kushuku si kujua. Mwalimu wa sayansi hutuambia kila siku kwamba katika majaribio tubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha plagi, kichungi na vijipira siku moja, na pikipiki ikapona, hutajua ni dawa ipi iliyoiponya. Basi twende hivi:

Umeme. Usiku au mahali penye giza, washa injini, kisha nyunyizia maji kidogo kwa kichupa kuzunguka kofia ya plagi na waya wake. Usiguse kwa mkono, utapigwa na umeme. Ukiona vicheche vya buluu vikirukaruka nje, au injini ikianza kukosa pigo, umepata tundu. Badilisha kofia au waya huo. Ni vitu vya bei ndogo. Kabla ya kuirudisha kofia, paka grisi ya silikoni kidogo kwenye mdomo wake wa mpira ili maji yasipate njia.

Pumzi. Tafuta vijipira vinavyotoka kwenye kabureta. Vifuate mpaka mwisho uone vinaishia wapi. Kisha vipandishe, uvifunge kwa muda chini ya kiti au karibu na usukani, ncha zikitazama chini ili vumbi lisiingie. Jihadhari usivikunje. Rudi kwenye dimbwi lile lile, lililotulia, uvuke tena. Ikiwa haikuzimika, umepona. Kwenye kwadi mafundi huweka kiungo cha njia tatu kwenye kijipira: tawi moja linabaki chini, jingine linapanda juu. La chini likizibwa na maji, la juu linapumua. Gharama ni kijipira na kiungo tu.

Petroli. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Zima injini, iache ipoe, funga petroli, weka chupa safi ya kioo chini yake, ulegeze skrubu. Iache chupa itulie dakika chache mbali na moto wowote, hata sigara. Ukiona tabaka mbili, ile ya chini ni maji. Endelea kumwaga mpaka itoke petroli tupu. Maji yakirudi tena kesho yake, basi yamo tangini, na tangi lisafishwe.

Kichungi. Fungua sanduku la hewa, ukiguse kwa mkono. Kile cha sponji kinaweza kukamuliwa, kikaushwe, kipakwe oili tena. Cha karatasi kiache kikauke juani, na kikiwa kimevimba au kuchanika kibadilishwe. Usidanganyike ukaendesha bila kichungi. Vumbi la barabara zetu litailamba silinda, nawe utalipa mara mbili.

Nyongeza moja: pikipiki mpya nyingi hazina kabureta. Petroli yao husukumwa na pampu na kunyunyizwa kwa kuamriwa na kompyuta ndogo. Hizo hazina bakuli wala vijipira hivyo, kwa hiyo dalili (b) haiwahusu. Ikizimika majini, anza kwa umeme, viungo vya nyaya na sanduku la hewa.

INJINI IKIMEZA MAJI: LA KUFANYA NA LISILOFANYWA

Sasa turudi kwenye dalili (e). Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Ukitaka ushahidi, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, livute hewa, uzibe tundu kwa kidole, ubonyeze. Linabonyea. Sasa lijaze maji, uzibe, ubonyeze. Halisogei hata kidogo.

Injini yetu ya sentimita mchemraba 100 hubana mchanganyiko mara tisa hivi. Maana yake pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni 100 gawanya kwa 8, yaani sentimita mchemraba 12.5. Kijiko cha mezani ni kama sentimita mchemraba 15. Kwa hiyo maji yasiyojaa kijiko kimoja yanatosha kuijaza nafasi yote! Kwa kwadi ya sentimita mchemraba 400 ni 50 hivi. Pistoni ikipanda kwa nguvu ikakutana na maji hayo, kitu fulani lazima kipinde, na kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoishika pistoni. Injini iliyogharimu pesa nyingi inakufa kwa kijiko cha maji.

Kwa hiyo pikipiki ikizimika majini, jambo la kwanza ni la kutofanya: USIBONYEZE STATA. Najua vidole vinawasha, na watu ukingoni wanapiga kelele "washa, washa!" Waache wapige. Fuata hatua hizi:

1. Ikiwa maji yametulia na ni salama, isukume hadi nchi kavu. Weka gia huru kwanza.

2. Zima ufunguo, funga petroli.

3. Fungua sanduku la hewa. Likiwa kavu, una bahati, injini huenda haikumeza kitu. Likiwa na maji, yamwage, ukaushe kwa kitambaa.

4. Fungua plagi, uiweke mbali na lile tundu, ufunguo ukiwa bado umezimwa.

5. Simama kando, uso wako usiwe mbele ya tundu la plagi, kisha piga kiki polepole mara kadhaa. Kama maji yalikuwa ndani, yatatoka kwa kuruka. Endelea mpaka isitoke tone.

6. Inua gurudumu la mbele juu ili maji ya ekzosi yateremke na kutoka nyuma.

7. Mwaga bakuli la kabureta kama nilivyoeleza.

8. Chungulia oili. Ikiwa imekuwa nyeupe-nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe. Oili ya namna hiyo haiwezi kulinda vyuma. Imwage, utie mpya, na baada ya kuendesha kidogo uitazame tena. Mara nyingi hubidi kubadilishwa mara ya pili.

9. Kausha plagi, irudishe, fungua petroli, uwashe. Iache inguruma mpaka ipate moto vizuri ili unyevu uliobaki ukauke.

Ikiwa baada ya haya yote kiki bado imekwama au unasikia mgongano wa vyuma, usilazimishe. Tafuta usafiri, uipeleke kwa fundi.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Kabla ya masika, tenga nusu siku. Pandisha vijipira. Kagua kofia ya plagi. Hakikisha mfuniko wa sanduku la hewa umekaza na mpira wake haujakauka. Jua mdomo wa kuvutia hewa uko kimo gani kutoka ardhini, upime kwa rula. Huo ndio mpaka wako, na maji yasiukaribie.

Wakati wa kuvuka, ingia polepole kwa gia ya kwanza, ushikilie moto ule ule bila kuongeza na kupunguza. Ukienda kwa mwendo huo, wimbi dogo hutangulia mbele, na nyuma yake maji hupungua kidogo kuzunguka injini. Ukiingia kwa kasi kama mwanasinema, unalirusha maji hadi kwenye sanduku la hewa. Ukishatoka, bonyeza breki kidogo kidogo ukitembea, kwa maana breki zilizolowa hazishiki. Wengi wamevuka mto salama, wakaanguka kwenye mteremko wa kwanza.

LAKINI KABLA YA INJINI, ROHO

Yote niliyoyaeleza yanahusu maji yaliyotulia: dimbwi, kijito, bwawa dogo la barabarani. Maji yanayokwenda kasi ni jambo jingine kabisa. Maji yaendayo kwa kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30 yanaweza kulibeba gari dogo. Pikipiki ni nini mbele yake? Na maji ya mafuriko ni ya matope, hayaonyeshi kama barabara bado iko chini au imebebwa usiku.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakielekea harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui. Lilisombwa, na watu zaidi ya 30 wakafa. Basi zima! Na katika mvua za Machi hadi Mei 2024, mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya. Mito ya msimu ya Ukambani na malaga ya kaskazini ina tabia moja mbaya: mvua hunyesha milimani, mbali, huku kwenu jua linawaka, na maji yanakuja ghafla kama ukuta.

Kwa hiyo mwendeshaji anayembeba mwanafunzi, mama mjamzito au mgonjwa asiseme, "Mimi pikipiki yangu haizimiki." Pikipiki isiyozimika inaweza kukufikisha katikati ya mto, na hapo ndipo penye kasi kubwa zaidi. Abiria naye ana mdomo. Mwambie, "Kaka, mimi nashuka, tungoje yapungue." Mito ya msimu hupanda upesi na aghalabu hushuka upesi. Saa tatu za kungoja haziui mtu. Na ikitokea pikipiki imezimika na maji yanapanda, iache. Chuma hununuliwa.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini kwa habari ya mahali pa kuvukia, mchaguzi ndiye afikaye. Hadi hapo naiweka kalamu chini. Yafuatayo ni ya kuwasaidia kudurusu.

MSAMIATI

Kabureta: kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda.
Koili: kifaa kinachokuza umeme mdogo wa betri au jenereta ya pikipiki uwe wa nguvu ya kutoa cheche.
Konrodi: mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na mhimili unaozunguka.
Mbano: hali ya mchanganyiko kushindiliwa katika nafasi ndogo ndani ya silinda.
Kijipira cha pumzi: mpira mwembamba unaoliletea bakuli la kabureta hewa ya nje.
Laga: mkondo mkavu wa mto katika nchi kame, ambao hujaa maji ghafla wakati wa mvua.

MASWALI

1. Taja vitu vinne ambavyo injini ya petroli haiwezi kuwaka bila hivyo. Ni kipi huathiriwa kofia ya plagi ikilowa?
2. Pikipiki ya mjomba wako huzimika polepole katikati ya dimbwi, na ikisukumwa nje huwaka yenyewe. Mshauri mjomba, ukitumia mfano wa kopo la maziwa.
3. Injini ya sentimita mchemraba 150 hubana mara kumi. Pistoni ikiwa juu kabisa, nafasi inayobaki ni kiasi gani? Linganisha na kijiko cha mezani.
4. Kwa nini maji hutoka kwanza ukilegeza skrubu ya bakuli la kabureta lenye petroli na maji?
5. "Pikipiki isiyozimika ni hatari kuliko inayozimika." Jadili kauli hii kwa aya mbili, ukirejelea maji yaendayo kasi.

Majibu ya swali la tatu yaletwe kwenye mkutano wa Chama. Atakayeleta hesabu yote, si jibu tupu, ndiye atakayepigiwa makofi.